Tulivyomkatia Mzamiaji Bima ya Ziada

Mume wangu alikuwa mzamiaji, na tuliishi Geita. Watu wa Pwani wakisikia hivyo hucheka, na watu wa kwetu walicheka zaidi, maana kwetu maji ni kitu cha kuomba, si cha kuingia. Siku nilipompeleka kijijini kwetu Samuye kumtambulisha kwa baba, wajomba zangu walimzunguka wakamuuliza anazamia wapi, kwenye lambo la ng'ombe? Akajibu kwa utulivu kwamba anazamia popote penye kina. Mjomba mkubwa akasema basi aanze na kisima cha shule, kuna ndoo zimezama humo na mojawapo ni yake. Wale wazee walikuwa wanatania. Yeye akavua viatu, akaenda, akazitoa. Mjomba akapokea ndoo yake, na ndivyo nilivyoolewa.

Yeye alikuwa Mzaramo, mimi Msukuma. Hayo makabila mawili ni watani, kwa hiyo ndoa yetu ilikuwa kichekesho cha halali mtaa mzima. Mtani wake mkuu alikuwa fundi wa karasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu, jamaa mrefu ambaye hakuwahi kumsalimia mume wangu kwa salamu ya binadamu. Alikuwa akipita nje ya nyumba anauliza kwa sauti, "Samaki wenu bado hajaoza?" Mume wangu naye alimjibu matusi ambayo sitayaandika, kwa kuwa wajukuu wanajua kusoma.

Kazi yake ilikuwa hivi. Mvua zikinyesha, maduara, yale mashimo ya wachimbaji, yalijaa maji, na wachimbaji walikimbia wakaacha pampu chini. Pampu zile zilikuwa za bosi mmoja, mfanyabiashara wa Kihindi aliyezaliwa Shinyanga mjini, anayesema Kisukuma kuliko mimi, na aliyekuwa akizikodisha kwa wenye maduara. Pampu ikizama, bosi alimwita mume wangu. Alivaa suti yake ya mpira, akabeba mitungi ya hewa mgongoni, akashuka kwenye maji ya rangi ya chai ya maziwa, na kwa kupapasa tu, maana humo huoni hata pua yako, akaifunga pampu mnyororo ikavutwa juu. Ujuzi aliupata jeshini, baharini. Mimi nilishona nguo sokoni na nilijitahidi kutofikiria.

Nisichoweza kuacha kufikiria kilikuwa kitu kimoja. Aliwahi kunieleza, wakati wa uchumba, bila kujua anajiharibia, kwamba mzamiaji akitoka kwenye kina kirefu kwa haraka, hewa iliyojificha kwenye damu inafanya kama pombe ya mtama kwenye chupa iliyozibwa: ukiizibua ghafla, inafura. Mwenzake mmoja kule Pwani alitoka majini anacheka, akanywa uji, halafu akashindwa kusimama, na hakusimama tena. Tangu hapo sikuogopa afe. Kufa tulikuzoea, kwenye machimbo walikuwa wanakufa watu kila msimu. Niliogopa miguu yake. Ilikuwa miguu mizuri, nisiseme uongo, na ndiyo niliyoiona kwanza kabla sijamwona uso.

Ikawa miaka ile ya mwisho ya tisini, mawakala wa bima wa makampuni binafsi wamejaa kwenye mabasi. Bosi akapata habari kwamba bima ya wafanyakazi wake inawahusu watu wa ghalani tu, wale wanaoangukiwa na magunia, na haishuki majini hata hatua moja. Alikuwa mtu wa haki kwa namna yake. Akaja nyumbani, akakaa kwenye kigoda, akasema, "Shemeji, tafuteni bima ya ziada ya ajali. Chagueni mnayotaka. Nusu nitalipa mimi. Lakini chagua wewe, huyu bwana atachagua yenye picha nzuri."

Ya kwanza kweli ilikuwa na picha nzuri. Rafiki mmoja wa Pwani alimtumia mume wangu karatasi za bima ya wazamiaji watalii, mzungu anatabasamu chini ya maji na samaki wa rangi. Walisema ukiumia wanakutumia ndege mpaka kwenye chumba cha chuma cha kukutuliza hewa mwilini. Jambo zuri kabisa. Ila kwanza upige simu Ulaya. Simu ya uhakika mtaani kwetu ilikuwa ya posta, na posta ilikuwa na saa zake za chakula. Halafu chini kabisa wakasema wanamhudumia anayezamia kwa starehe tu.

"Mimi siku zote nazamia kwa starehe," mume wangu akasema.

Nikamuuliza ile pampu kwenye mnyororo atawaambia ni samaki gani. Tukaziweka kando, ingawa ile picha aliikata akaibandika ukutani.

Ya pili ililetwa na wakala kutoka Mwanza, bwana mnene mpole, mwenye mkoba na leso. Yake ilikuwa orodha ya viungo vya mwili na bei zake, kama buchani. Jicho lilikuwa na bei yake, na dole gumba la kulia lilizidi la kushoto. Dole kubwa la mguu lilihesabiwa peke yake na vidogo vilipangwa fungu moja. Nikamuuliza kuhusu hewa kwenye damu. Akafikiri, akajifuta shingo, akasema kwamba ajali kwa maana ya bima ni kitu cha ghafla, kinachotoka nje ya mwili, na kinachoonekana.

"Hewa haionekani," nikasema.

"Haionekani, mama. Lakini miguu ikipooza, hiyo inaonekana. Tutaangalia."

Mume wangu alikuwa tayari kusaini. Kwake bima ilikuwa kama chanjo, ukishachomwa umechomwa. Mimi nikasema hapana. Nikamwambia wakala arudi Jumamosi, na kabla hatujasaini tutafanya mazoezi. Jeshi halingoji vita ndipo lijifunze kufyatua, hilo hata mume wangu hakuweza kulipinga.

Jumamosi asubuhi nikatandika mkeka uani, nikamlaza mume wangu chali, amevaa suti yake ya mpira ili mambo yawe ya kweli, mikono imenyooka ubavuni. Wakala akasimama miguuni kwake na mkoba.

"Huyu katoka majini sasa hivi," nikasema. "Miguu haina habari. Anza."

Wakala akatazama saa. Akauliza kama kuna shahidi. Akasema tuanze na polisi, tuchukue fomu ya PF3, kisha daktari aandike, kisha karatasi ziende Mwanza, na Mwanza wazipeleke Dar.

"Na yeye?"

"Yeye nani?"

"Huyu aliyelala."

"Yeye atakuwa anaendelea na matibabu."

"Wapi?"

"Popote anapotibiwa, mama," akasema, na nikaona jasho linamtoka. Nikaanza kupandisha sauti. Mume wangu, aliyeahidi kuigiza vizuri, alikuwa amefumba macho, na nadhani usingizi ulishamchukua, maana pale palikuwa na jua zuri.

Wakati huohuo jirani yetu alikuwa anapita na ndoo ya maji kichwani. Akachungulia juu ya ua wa minyaa. Alichokiona ni mwanamume amenyooshwa kwenye mkeka, kavikwa nguo nyeusi tii, mgeni mwenye mkoba kasimama miguuni na leso usoni, na mimi napiga kelele nimeshika kiuno. Jirani akatua ndoo yake. Akapiga yowe ambalo nilikuwa sijawahi kulisikia kwa mtu mwenye umbo dogo namna ile.

Sasa hapo inabidi niseme kuhusu chama chetu cha kuzikana. Kila mtaa ulikuwa na chake. Chetu kiliongozwa na mama mmoja muuza dagaa, sisi sote tulimwita Mayu, yaani mama kwa Kisukuma, na lile yowe lilikuwa ndiyo kengele yake. Nilikuwa bado nafungua mdomo kumweleza jirani, kuni zikaingia, sufuria kubwa ikafuata, kisha turubai na wenye kulifunga. Lori la kubebea mawe ya karasha likamwaga mawe yake katikati ya barabara likaja limefungwa matawi mabichi mbele, dereva keshavaa shati la kushindia msibani. Wanawake wakaingia wamejifunga khanga kiunoni wanalia kwa zamu. Wakala wa bima akapewa pole, akapewa na benchi.

Mtani naye akafika. Alipitia ndani kwetu kwanza, kwa sababu watani hawabishi hodi msibani, akatoka amevaa yale mapezi ya mpira ya mume wangu miguuni, anatembea kama bata uani kote, analia, "Jamani, nani atatuogelea kwenye uji wetu!"

Kelele hizo ndizo zilizomwamsha mume wangu. Akaketi.

Sitasahau. Benchi zima la wanawake lilianguka nyuma kwa pamoja. Dereva wa lori alikimbia na tangu siku ile hakuwa anapenda kuulizwa alikimbilia wapi. Mtani peke yake hakutikisika. Akamnyooshea kidole akasema, "Mzaramo hata kufa hajui! Lala chini umalize, watu wameacha kazi zao!"

Tulicheka hadi tukaumwa mbavu. Na kwa kuwa sufuria ilikuwa jikoni tayari, tulikula, wakala akala mara mbili. Lakini mimi katikati ya kicheko nilikuwa naona jambo. Wakala alikuwa bado yuko kwenye PF3. Chama kilishaleta gari, dereva, watu wa kubeba, na wali.

Jioni ile nikamfuata Mayu nyumbani kwake.

"Mayu, mnaweza kuja hivi kwa mtu anayepumua bado?"

Akasema hapana. Katiba yao ilisema msiba. Mgonjwa alipelekewa sukari na sabuni, lori lilikuwa la maiti. Wakianza kutoa lori kwa kila homa, chama kitakufa kabla ya wanachama. Nikamweleza habari ya hewa kwenye damu, kwamba dawa yake ya kwanza ni oksijeni, nyingi, mapema, na kwamba oksijeni ya kutosha iko Mwanza, ng'ambo ya ziwa, na kuchelewa ndiko kunakoiba miguu. Akasikiliza sana. Akasema niende nikaseme hayo mkutanoni.

Mkutanoni walibishana kuanzia chai hadi chakula. Aliyetukwamua ni mtani. Akasimama akasema, "Huyu samaki akitoka majini hana miguu, sisi tuhesabu kafa. Tumpe msiba wake mapema, aule akiwa hai, aone na yeye ubora wa kamati." Wakapiga makofi, wakapitisha. Mayu akaongeza sharti moja: msiba ni mmoja kwa kila mwanachama, akishaula ameula. Nikakubali haraka kabla hawajabadili mawazo. Mchango wetu ukawa gunia la mchele na debe la mafuta, na bosi alilipa nusu yake kama alivyoahidi, nusu gunia la mchele na nusu debe la mafuta, akaniambia kwamba katika ukoo wake wote wa wafanyabiashara hakuna aliyewahi kukata bima kwa mafuta ya kupikia. Wakala aliondoka bila kinyongo. "Mama," akasema, "nimeshindwa na makampuni makubwa. Na sufuria ndiyo mara ya kwanza."

Masika yaliyofuata, matimba yalikatika chini ya duara moja nyuma ya mlima wakati mume wangu yumo. Matimba ni yale magogo ya kuzuia udongo. Mnyororo ukamnasa, hewa ikawa inakwisha, akajinasua akapanda juu kwa pupa, yeye aliyekuwa akinihubiria kila siku juu ya kupanda polepole. Alitoka anatania. Akaomba chai. Akainywa, akasema miguu inawashawasha, kisha akasema hajui kama anayo.

Walinifuata sokoni kwenye cherehani. Sikulia. Nilikwenda moja kwa moja kwa Mayu nikamwambia, "Msiba umefika." Naye alijua namna moja tu ya kuanza kazi. Akapiga yowe.

Basi wakaja kama walivyozoea, kwa kuwa namna nyingine hawakuijua. Matawi mabichi yakafungwa mbele ya lori. Mume wangu akalazwa kwenye godoro, akafunikwa khanga kwa ajili ya vumbi. Wanawake wakapanda nyuma, na sufuria ikapanda, nilipouliza ya nini wakaniambia haijawahi kubaki. Tukaondoka watu wanalia kikweli, kwa sauti, maana ndivyo lori lile lilivyokwenda siku zote.

Na njia ikafunguka. Malori ya pamba yalituachia barabara. Kwenye kizuizi, askari aliinua mti akavua kofia. Kivukoni palikuwa na foleni ya magari ya tangu asubuhi, na kivuko kilishaanza kuinua mlango. Waliposikia kilio wakaushusha, na basi lililokuwa ndani likarudi nyuma likatupisha. Hakuna aliyetuuliza karatasi. Kwa mgonjwa wangesema kila mtu hapa ana mgonjwa wake.

Katikati ya maji mzee mmoja mwenye kanzu akaja kunipa mkono. "Pole mwanangu. Marehemu aliugua muda mrefu?"

Kutoka chini ya khanga sauti ikasema, "Shikamoo, mzee."

"Marahaba," akajibu yule mzee, kwa mazoea, halafu rangi ikamtoka. Mtani akamshika bega upesi. "Usishangae, baba. Hawa Wazaramo wana adabu mno, hata wakifa."

Watu wote waliokuwa karibu walicheka. Mimi nikaingiza mkono chini ya khanga nikamfinya kidole cha mguu, nikamfinya kwa kucha.

"Unasikia?"

"Nisikie nini?" akauliza.

Hapo ndipo nilipolia. Nililia nikasahau watu, nikasema maneno ya Kisukuma niliyoyasikia kwa bibi yangu na sikujua kama ninayo. Wanawake wa chama wakaangaliana kwa kuridhika, kwamba mke hatimaye anafanya inavyostahili.

Hospitalini walimfunga oksijeni, na daktari aliuliza tu maswali ya maana. Mtani alikaa nje ya dirisha anamwimbia matusi mpaka muuguzi akamfukuza, akahamia dirisha la pili. Siku zikapita. Mume wangu akaanza kulalamika kwamba kisigino kinamwasha, akalalamika sana, akataka nimkune, na mimi nilikuna kile kisigino huku namshukuru Mungu kwa lugha zote. Alirudi nyumbani kwa miguu yake. Wa kushoto unaburuza kidogo mpaka leo, hasa akitaka kuhurumiwa.

Haukupita msimu, pampu nyingine ikazama. Bosi akaja na kreti ya soda na aibu usoni. Hakuomba, alitaja tu kwamba pampu imezama. Na mume wangu, nikamwona kwa macho yangu, akaenda kuchukua ile miwani yake ya majini akaanza kuifuta. Nikasema yote ninayoweza kusema. Nikamwambia naipenda miguu yake. Akacheka akasema naye anaipenda, ndiyo maana atapanda polepole.

Jumapili hiyo tulikwenda chamani kulipa ada. Mayu akapokea yangu, ya mume wangu akairudisha.

"Wewe umeshaula msiba wako, baba. Si uliuona? Mzuri, na lori, na sufuria. Kwetu wewe ni marehemu."

Mume wangu alicheka. Akaona wengine hawacheki.

"Hata nikifa kweli?"

"Ukifa kweli utazikwa na mkeo, na ndugu zako wa Pwani watakaowahi basi."

"Mimi nitakuja," mtani akasema. "Kuangalia."

Mwanamume yule alikuwa anashuka gizani kwenye matope yasiyo na mwisho, mtu mmoja na kamba yake, na sikuwahi kumwona akisita. Lakini alikuwa mtu wa Pwani. Aliwahi kuniambia baba yake alizikwa na watu waliojaza barabara mpaka magari yakasimama. Mchana alikaa na ile miwani mapajani, haifuti. Kesho yake akaenda kwa bosi akamwambia pampu ikishafika juu aiite mikono yake, ataitengeneza, lakini kuifuata chini hapana. Nilikuwa napima suruali ya mtu niliposikia, nikamchoma pini.

Baada ya muda Mayu akanitembelea. Nikamkaribisha, nikamtengea chai. Mume wangu alikuwa nyuma ya nyumba anafungua pampu, anaimba vibaya. Mayu akasogeza kiti karibu, akasema wameona wamekuwa wakali. Wamekubaliana kimyakimya, yeye na mtunza hazina, kwamba akitoa kiingilio upya wanaweza kumrudisha, awe hai kama watu wengine.

"Nani mwingine anajua?" nikauliza.

"Hakuna."

"Wabeja, asanteni sana, Mayu. Mwacheni hivyohivyo."

Akanitazama. Akasikiliza ule wimbo unaotoka nyuma ya nyumba.

"Mpaka lini?"

"Mpaka azeeke," nikasema.

Akavuta kikombe chake, akasema sawa, akaniomba sukari.